Maneno Yatiwayo Katika Kinywa cha Mwenzako

Makanisa mengi ya mijini yana bendi zao siku hizi: magitaa, kinanda, ngoma. Vijana hawatosheki na yaliyomo kitabuni, wanatunga wenyewe. Wazee wengine hunung'unika, lakini nyimbo za kitabuni nazo zilitungwa na watu, na siku ile zilikuwa mpya. Basi mimi siulizi kama ni halali kutunga. Nauliza hivi: mtunzi ana haki gani kutia maneno katika kinywa cha mtu mwingine, hali mtu huyo amesimama mbele za Mungu?

Fikirini, ndugu wasomaji. Mhubiri akihubiri, sisi twasikiliza tu. Aliyesema ni yeye. Lakini wimbo hautupi nafasi hiyo. Ala zimekwisha kuanza, watu wamesimama, na kila mtu ajikuta anasema "mimi". Mimi nani? Mtunzi alikuwa na furaha siku aliyoandika, akaandika ya kwamba machozi yake yamekauka na adui zake wameanguka. Sasa mjane aliyemzika mumewe Alhamisi amesimama katika benchi la tatu. Ama anyamaze kati ya wenzake, ama aseme lisilo kweli katika nyumba ya sala. Aliyemtia katika dhiki hiyo si mtu mwovu. Ni kijana mwenye gitaa ambaye hakumfikiri.

Wengine watajibu ya kuwa imani husema hata yale yasiyoonekana bado, na kwamba mjane akiimba furaha atafarijika. Neno hili lina nguvu, wala silikatai lote. Lakini Zaburi zina vilio vingi, na vingine vina hasira, nao waliozikusanya hawakuona haya kuviacha. Zaburi ya 88 huishia gizani, pasipo neno la faraja mwishoni. Ni bendi ngapi zitunzazo wimbo wa namna hiyo?

Enoch Sontonga, aliyetunga "Nkosi Sikelel' iAfrika" mwaka 1897, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg. Tuni yake ndiyo ya wimbo wa taifa wa Tanzania hata leo. Tazameni alivyofanya: hakuwatwika waimbaji kujisifia lolote, aliwapa ombi. Na ombi, hata mtu asiye na kitu aweza kulisema kwa moyo wake wote.

Kuna na jambo la lugha. Kiswahili hukaza silabi ya pili toka mwisho wa neno, lakini tuni nyingi zilizotoka Ulaya hukaza mwisho kabisa wa mstari. Ndiyo sababu jina la Mungu huvutwa mpaka likawa si lile tulitamkalo nyumbani. Mtu asidhani ni shughuli ya walimu wa sarufi tu: neno "barabara" likikazwa mahali pamoja ni njia ya magari, likikazwa pengine maana yake ni sawasawa. Bernard Kyamanywa, alipokuwa mwanafunzi huko Makumira mwaka 1966, aliandika maneno ya Pasaka kwa tuni ya Kihaya, na wimbo ule umevuka bahari. Mtunzi wa leo naye ana tuni za kwao. Na aseme kwanza mstari wake kama amwambiaye jirani, ndipo ashike gitaa.

Kisha, kabla ya mazoezi, ampelekee mzee mmoja maneno matupu, pasipo ala, amwombe ayasome kwa sauti. (Vipaza sauti huficha mengi.) Mahali mzee atakaposita, pana kazi bado. Pengine mstari utabadilika. Pengine ni mstari mzuri, ila ni wa mtunzi peke yake. Basi auimbe yeye mwenyewe kama ushuhuda wake, watu wakiwa wameketi. Mjane naye ataketi, asikilize.