Nipe Mji

Kitendawili hutegwa, wasikilizaji hubahatisha, na wanaposhindwa mtegaji hawafumbulii bure. Husema, "Nipe mji." Aliyeshindwa hutaja Lamu, au Mombasa, au Maskati, mji usipomridhisha mtegaji, hutajwa mwingine, hadi akubali kufumbua. Hapana mali iliyotoka mkononi mwa mtu. Kilichotoka ni ungamo: mtoto amekiri mbele ya wenzake kwamba hajui, na kwamba angependa kujua.

Desturi hiyo yafaa kukumbukwa inapozungumzwa kompyuta inayomzoesha mwanafunzi kujibu maswali ya mtihani. Swali la kimaadili ni lile lile: jibu lina bei gani, na hulipwa kwa sarafu ipi?

Chukua programu iitwayo ASSISTments, iliyoanzishwa mwaka 2003 mjini Worcester, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, na Neil Heffernan na mkewe Cristina. Jimbo hilo lilianza mtihani wake mwaka 1998, na kuanzia wahitimu wa 2003 kuufaulu kukawa sharti la kupata cheti cha sekondari, hadi wapigakura walipoliondoa sharti hilo Novemba 2024. Mwanafunzi wa darasa la hesabu aliyekosea swali aligawiwa swali hilo vipande vipande. Au alibonyeza kitufe akapewa dokezo, kisha la pili, kisha la tatu, na la mwisho aghalabu lilikuwa jibu lenyewe.

Mwaka 2004 Ryan Baker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walieleza waliyoyaona katika madarasa yaliyotumia programu nyingine ya namna hiyo. Baadhi ya wanafunzi walibonyeza mfululizo pasi na kusoma, au walijaribu namba moja baada ya nyingine, mpaka mashine ikalitoa jibu. Hao ndio waliojifunza kidogo. Waliopiga soga na jirani zao hawakuonekana kudhurika kiasi hicho; habari ya kumfariji kila aliyewahi kutolewa darasani kwa maneno mengi.

Je, kubonyeza huko ni udanganyifu? Hudanganywa mwenye haki ya kuambiwa kweli, na kompyuta haina haki hiyo. Haina macho ya kuonewa haya. Lakini hapo hapo ndipo penye rehema yake. Yuko mtoto ambaye hajainua mkono darasani mwaka mzima kwa kuogopa kuchekwa, na nyumbani hana wa kumuuliza wala fedha ya tuisheni. Huyo naye hulifuata dokezo la mwisho, akalisoma taratibu mpaka limwingie. Vidole viwili vimebonyeza kitufe kimoja, ilhali nia ni mbali kama mbingu na ardhi, na mashine imeandika alama zile zile.

Watengenezaji waliliona tatizo, wakaweka bei: katika ASSISTments, mwenye kuomba dokezo kwa kawaida alihesabiwa kuwa amekosa swali. Bei hiyo haikuchaguliwa vyema. Humwumiza zaidi mwenye haya, naye hujifunza kubahatisha kuliko kuuliza. Afadhali Baker na wenzake, ambao baadaye walimweka kwenye skrini mbwa wa katuni: mwanafunzi akifanya hila, mbwa hukasirika, kisha humpa mazoezi ya ziada katika yale aliyoyaruka. Yachekesha kwamba kazi ya kumtia mtu haya ilikabidhiwa mbwa. Hata hivyo walau hapo kosa lilipewa uso wa kutazamana nao, na yaliyorukwa yalirudishwa, badala ya kukatwa alama tu.

Mji wa kitendawili haumpunguzii mtoto chochote. Aliyeitoa Maskati jana akiwa ameinamisha kichwa, leo usiku humkalia mdogo wake barazani na kukitega kitendawili kile kile, kisha hungoja, na wala hana haraka ya kutaka mji.