Shing'weng'we na Sikio la Bibi Kizee

Mtu asimamapo Somanda, huko Bariadi, mwisho wa kiangazi, nyasi zimekauka na ng'ombe wanahangaikia maji, hataona ajabu kwamba binadamu aliyapa maumbile sura ya kiumbe. Watu wa kaskazini ya Ulaya walisema upepo watoka katika mabawa ya Hraesvelgr, jitu lenye umbo la tai. Na kwamba ardhi ni nyama ya jitu Ymir, bahari ni damu yake, milima ni mifupa yake. Snorri Sturluson wa Iceland aliyaandika hayo katika karne ya 13.

Wasukuma nao wana Shing'weng'we, jitu lililowameza watu wote na mifugo yao. Alisalia mama mmoja mjamzito, aliyejificha katika lundo la makapi. Mwanawe, Masala Kulangwa, alipopata akili aliuliza watu wamekwenda wapi. Alipoelezwa, akaingia porini. Akaua panzi, akamletea mama: je, huyu ndiye Shing'weng'we? Siye, mwanangu. Akaua ndege. Siye. Wanafunzi hucheka penye panzi, na wana haki. Lakini sisi twaona kwamba hapo ndipo penye kiini cha hadithi. Kijana mwenye uchungu angeweza kumwita adui kiumbe chochote kilicho karibu. Yeye aliuliza kila mara, akakubali kuambiwa amekosea.

Je, sisi tumeuliza hivyo? Ntemi wa zamani aliweza kuondolewa kitini kwa sababu mvua imekosekana. Na katika miongo iliyofuata Uhuru wa 1961, vikongwe wengi wa Usukuma waliuawa kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi ukawa macho yao mekundu. Macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na samadi, kwa miaka mingi ya kuwapikia hao hao waliowashitaki. Jitu la hadithi liko mbali porini. Bibi kizee yuko nyumba ya pili, wala hana wa kumtetea.

Wasimulizi husema kwamba Masala Kulangwa alipolipasua tumbo la jitu, watu wakatoka, kisu chake kilimkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi akaghadhibika, akataka kumroga. Kijana hakumgeuzia kisu. Alitafuta dawa, akamtibu sikio likapona. Ndipo watu wakamfanya ntemi wao.