Je, Ni Halali Kufurahia Hatari ya Mwenzetu?

Wasomaji wapenzi, hatuoni haya kusema kwamba twapenda mashindano ya motokari. Siku tatu za Grand Prix zikifika, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, twatafuta jirani mwenye televisheni, twaketi pamoja na vijana, na mioyo yetu yapiga mbio pamoja na injini zile. Wala si upuuzi mtupu. Dereva mwema atufundisha mengi: macho makini, mkono usiotetemeka, uvumilivu katika joto kali, tena unyenyekevu wa kuwategemea mafundi wake, maana gurudumu moja lisilokazwa vizuri laweza kumwangamiza.

Lakini siku moja kijana mmoja alituuliza swali, nasi tukakosa jibu la haraka. Alisema: «Mwalimu, twajua kwamba mtu aweza kufa katika mchezo huu, na bado twakaa kutazama na kushangilia. Je, akifa, sisi hatuna sehemu katika kifo chake?» Tangu siku ile tumelifikiri sana neno hilo. Ili tulijibu vema, yafaa tukumbuke siku tatu ambazo wapenzi wa mchezo huu hawawezi kuzisahau.

Zilikuwa tarehe 29 na 30 Aprili na tarehe 1 Mei 1994, mjini Imola katika nchi ya Italia. Mashindano yaliitwa Grand Prix ya San Marino. Siku ya Ijumaa motokari ya Rubens Barrichello, kijana wa Brazili, iliruka juu, ikapiga uzio, ikapinduka. Alizimia, akavunjika pua, lakini akapona. Watu wakashusha pumzi. Jumamosi, madereva walipokuwa wakitafuta nafasi za kuanzia, bawa la mbele la motokari ya Roland Ratzenberger, Mwaustria, lilivunjika. Bila bawa lile motokari haikumtii tena. Ikapiga ukuta kwa mwendo wa kilomita zaidi ya 300 kwa saa. Akafa. Alikuwa na miaka 33, dereva wa timu ndogo, na mwaka ule ndio kwanza alikuwa ameingia katika mashindano hayo makubwa.

Basi, mtu amekufa Jumamosi. Yafaa kushindana Jumapili? Ayrton Senna, aliyekuwa bingwa wa dunia mara 3, alikwenda mwenyewe kupaona mahali pa ajali. Daktari mkuu wa mashindano, Sid Watkins, aliyekuwa rafiki yake, alimshauri aiache kazi hiyo, waende wote wawili kuvua samaki. Senna akamjibu kwamba yako mambo yasiyo katika uwezo wetu, naye hawezi kuacha. Jumapili wakaanza. Mara motokari 2 ziligongana penye mstari wa kuanzia, vipande vikaruka mpaka kwa watazamaji, baadhi yao wakaumia. Wakaendelea. Katika mzunguko wa 7 motokari ya Senna ilishindwa kukata kona iitwayo Tamburello, ikaenda moja kwa moja ukutani, na chuma cha kushikia gurudumu kikamchoma kichwani. Alikufa katika hospitali mjini Bologna, mwenye miaka 34. Ndani ya motokari yake ilikutwa bendera ya Austria. Yasemwa alikusudia kuipeperusha mwisho wa mashindano kwa heshima ya Ratzenberger. Hata hivyo mashindano yalianzishwa tena. Gurudumu lililochomoka likajeruhi mafundi kadhaa, na mwishowe Michael Schumacher akashinda.

Wengine husema: «Ajali haina kinga.» Twaiheshimu hekima ya wazee, lakini methali hii hutumiwa vibaya mara nyingi. Ukuta wa Tamburello ulikuwa umejulikana siku nyingi. Nelson Piquet aliupiga mwaka 1987. Gerhard Berger aliupiga mwaka 1989, motokari yake ikawaka moto. Baadaye Berger alisimulia kwamba yeye na Senna walikwenda pamoja kuutazama ukuta ule. Wakaona mto unapita nyuma yake, wakasema hauwezi kusogezwa, wakarudi zao. Walikuwa watu wenye akili, tena ni shingo zao wenyewe zilizokuwa hatarini, na bado wakakubali.

Lakini mwaka 1995 mashindano yaliporudi Imola, kona ile ilikuwa imegeuzwa. Walikuwa wamekata njia mpya ya kupinda kushoto na kulia, ili kila dereva alazimike kupunguza mwendo. Mto haukuhama. Kilichohama ni swali. Kwanza watu waliuliza: «Je, ukuta waweza kusogezwa?» Kisha wakauliza: «Je, mbio zaweza kupunguzwa mahali hapa?» Na jibu la swali hili la pili lilikuwapo tangu zamani, likingoja mtu wa kuuliza.

Kumbe tusichanganye hatari na uzembe. Kazi nyingi njema zina hatari: mvuvi ziwani, mchimba madini chini ya ardhi, dereva wa lori mlimani. Seminarini tulifundishwa kwamba ushujaa wakaa katikati ya woga na ujuba. Shujaa huijua hatari, huipunguza kadiri awezavyo, kisha huikabili ile iliyobaki. Mjuba huiacha jinsi ilivyo, akaiita bahati.

Mwingine atasema: «Madereva hawa walichagua wenyewe, tena walilipwa.» Ni kweli, hakuna aliyewafunga kamba. Lakini dereva mdogo aliyengoja miaka mingi kupata nafasi, je, atasema «leo siendeshi» wakati wenzake wote wanaingia motokarini? Na wale watazamaji na mafundi walioumia Imola, walichagua nini? Mwaka 2000 huko Monza, na mwaka 2001 huko Melbourne, wasimamizi waliosimama kando ya njia walipigwa na gurudumu wakafa. Hawakuwa wakishindana, wala hawakungoja kikombe. Neno «amechagua mwenyewe» ni blanketi fupi, lawafunika wachache.

Sasa tuje kwetu sisi watazamaji, na hapa yatupasa kuungama. Mwaka 2018 motokari zote za mashindano haya zilianza kuwekewa upinde mgumu wa chuma kulinda kichwa cha dereva. Wapenzi wengi walinung’unika. Sisi pia tulinung’unika. Tulisema ni kitu kibaya kwa macho, chaharibu sura ya motokari, na kwamba mchezo umekuwa wa kitoto. Basi tarehe 29 Novemba 2020, huko Bahareni, motokari ya Romain Grosjean ilipenya uzio wa chuma, ikakatika vipande viwili, ikawaka moto mkubwa. Nyumbani kwa jirani hakuna aliyesema neno. Karibu nusu dakika ilipita, ikawa ndefu kama usiku mzima. Kisha tukamwona mtu anatoka katika ndimi za moto, mikono imeungua, lakini hai. Ule upinde ndio uliokikinga kichwa chake. Vijana walipiga makofi. Sisi tuliinama chini, maana tulikumbuka maneno yetu.

Siku hiyo tulipata jibu la kumpa yule kijana. Kutazama si kosa. Kufurahia ujuzi wa mtu si kosa. Lakini sehemu yetu imo katika yale tunayoyadai. Tukidai mbio zaidi na kinga kidogo, ili macho yetu yasichoke, mkono wetu uko juu ya usukani ule, ingawa tuko mbali. Ndivyo alivyo hata abiria amhimizaye dereva: «Ongeza moto!» Yeye hashiki usukani, lakini motokari ikianguka, asiseme hana neno. Maendeleo hayakufuta kifo: Jules Bianchi alipata ajali huko Japani mwaka 2014, akafa mwaka 2015. Ndiyo maana kazi ya kuuliza maswali haiishi.

Tena liko deni lingine. Senna alipozikwa São Paulo, tarehe 5 Mei 1994, umati usiohesabika ulijaa njiani, na nchi nzima ililia. Siku 2 baadaye Ratzenberger alizikwa Salzburg, na waliofika walikuwa wachache. Max Mosley, mkuu wa chama cha mashindano hayo duniani, alikwenda Salzburg. Baadaye alieleza kwamba watu wote walikuwa wamekwenda kwa Senna, naye aliona ni jambo kubwa kwamba mtu aende kwa huyu mwingine.

Ndugu wasomaji, mkipenda mchezo huu, upendeni hivyo. Majina ya mabingwa mtayakumbuka bila kufundishwa. Mjifunze na jina la yule aliyekufa Jumamosi.