Alhamisi Ni Yangu

Mwaka 2014 nilimpelekea machungwa mgonjwa ambaye hakuweza kumeza hata mate yake.

Alikuwa baba wa rafiki yangu, mzee wa Kisarawe, mkulima wa mihogo na mikorosho, saratani ya koo imemkaba. Alikuwa amelazwa Ocean Road, kwenye yale majengo yanayotazama bahari yaliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, akipigwa mionzi siku tano kwa wiki. Niliingia na machungwa sita kwenye mfuko pamoja na chupa ya soda. Nikasema, "Shikamoo mzee." Akaitikia kwa kichwa. Nikauweka mfuko juu ya kikabati. Rafiki yangu aliutazama, akanishukuru, kisha akausogeza taratibu nyuma ya ndoo ili baba yake asiuone. Nilikaa dakika kumi. Wakati wa kuaga nikasema lile tunalolisema wote: "Kaka, ukiwa na shida yoyote niambie."

Sikurudi. Ofisi yangu siku hizo ilikuwa Kivukoni. Kila asubuhi nilivuka daraja la Selander, nikashika barabara ya ufukweni, ile iliyopewa jina la Barack Obama mwaka 2013, nikapita mbele ya geti la hospitali ile ile. Wiki sita nzima. Nilikuwa natuma ujumbe: "Mzee anaendeleaje?" Ananijibu, "Tunamshukuru Mungu." Nami nikalipokea jibu hilo bila kulichungulia ndani, kwa sababu lilinipa ruhusa ya kuendelea na safari yangu.

Mzee alipofariki, nilikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika. Nikawa katibu wa kamati. Niliandika daftari la rambirambi, nikatafuta turubai na viti, nikakodi basi la kwenda Kisarawe, nikalala matangani siku tatu. Watu walinisifu. Rafiki yangu alilia begani kwangu, na mimi nikarudi mjini moyo wangu mweupe, nikijiona nimetimiza wajibu wa urafiki.

Imenichukua miaka mingi kuona nilichokifanya. Sisi tunajua kuzika. Mtu akifa mtaani kwetu, kabla jua halijageuka kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna anayepika na anayekwenda kuchimba kaburi, na kila mtu anajua atoe nini na akae wapi. Msiba ni jambo zito lakini una njia, na siku ya kuanua tanga inajulikana. Ugonjwa mrefu hauna njia hiyo. Hauna kamati wala katibu. Nani anajua tanga la mtu anayeumwa miezi tisa litaanuliwa lini? Kwa hiyo watu tunasimama mlangoni, tunasema pole, tunamwachia mwenye mgonjwa mgonjwa wake, halafu tunaingiza nguvu zote siku ambayo mgonjwa mwenyewe hatuoni tena.

Mwaka jana ikafika zamu yangu.

Baba yangu ni Mnyamwezi wa Tabora, mstaafu wa reli. Kwa miaka mingi ameishi na sukari na presha, wageni wawili wanaokaa kimya ndani ya nyumba huku wakiila. Siku tulipoambiwa kwamba figo zote mbili zimechoka, alikuwa amevimba miguu na anahema kama aliyepanda mlima. Wakaanza kumsafisha damu: mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Tuliuliza habari ya kupandikizwa figo, maana tulikuwa tumesikia kwamba Muhimbili walianza kazi hiyo mwaka 2017. Madaktari wakatueleza kwa upole kwamba moyo wake hauwezi kubeba upasuaji ule. Basi maisha yake yakawa kwenye mashine. Bima ya wastaafu ililipia, na kwa hilo nashukuru sana, kwani nimeona familia zikiuza kiwanja kwa ajili ya mashine ile ile. Lakini hakuna bima inayolipia mtu wa kukaa kwenye benchi.

Wiki ya kwanza nyumba ilijaa. Wageni walikuja na mikate, na unga wa lishe, na madafu, na machungwa. Mgonjwa wa figo hatakiwi kula machungwa hovyo, wala ndizi, wala kunywa madafu. Vina potasiamu, na figo zikishindwa kuitoa, inaweza kuusimamisha moyo. Jirani mmoja mwenye huruma aliweka mfuko wa machungwa miguuni pa kitanda. Nilijikuta nausogeza nyuma ya ndoo. Mkono wangu ukasimama pale pale. Nilikuwa nimeshauona mkono mwingine ukifanya hivyo.

Kufikia wiki ya nne wageni walipungua. Siwalaumu, nitawalaumuje? Kazini niliomba ruhusa mpaka nikaona haya kuonana na bosi wangu. Ndipo Jumapili moja jioni rafiki yangu yule akaja. Hakuuliza anisaidie nini. Alikunywa chai, akamsalimia mzee, na alipotoka nje kuvaa viatu akaniuliza, "Mashine ni siku gani?"

"Jumanne, Alhamisi, Jumamosi."

"Saa ngapi?"

"Wanaanza saa kumi na mbili asubuhi."

Akafunga kamba za viatu. "Alhamisi ni yangu."

Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji. Nimeisikia methali hiyo tangu utotoni, nikadhani inamhusu mgonjwa peke yake. Inamhusu na anayeuguza. Mtu aliyelala wodini siku tatu ukimwambia "ukihitaji chochote sema", umemwongezea kazi: akae, atafute shida ipi inafaa kuombewa, apime kama wewe unaiweza, kisha ameze aibu aiombe. Wengi wetu hatuombi. Tunajibu, "Tunamshukuru Mungu."

Rafiki yangu anauza vipuri vya pikipiki Kariakoo. Anayeijua Kariakoo anajua kwamba biashara ya mikoani inafanyika mapema, kabla wateja hawajakimbilia mabasi. Kufungua duka saa sita mchana kila Alhamisi ni kuwapa majirani wateja wako. Sikuwahi kumsikia akilitaja hilo. Saa kumi na moja alfajiri anakuwa getini na gari la kuazima, na mkononi ana chupa ndogo ya chai ambayo ndani haina chai. Ina vipande vya barafu.

Ile barafu ilikuwa jambo kubwa. Baba alipimiwa maji: lita moja kwa siku, humo humo na uji, na mchuzi, na maji ya kumezea dawa. Kiu yake ilikuwa ya kutisha. Nilimkuta usiku mmoja amesimama jikoni gizani, ameshika bomba, hajalifungua, analitazama tu. Barafu kidogo inayeyuka polepole mdomoni, inapoza ulimi, na maji yake ni machache. Sikumuuliza rafiki yangu alijifunzia wapi.

Alijifunza na mengine. Wapasuaji walimuunganishia baba mishipa kwenye mkono wa kushoto, ili damu ipite kwa nguvu na sindano ipate pa kuingilia. Ukiweka vidole pale juu ya kiwiko unasikia mtetemo, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kibiriti. Mtetemo ukikoma, kuna hatari. Kila Alhamisi, kabla ya kumpandisha garini, alikuwa anaweka vidole viwili pale, anainamisha kichwa kama anayesikiliza redio ya mbali, anasema, "Yupo, Baba. Anaunguruma." Na baba anasema, "Haya, twende."

Tena kuna utani. Rafiki yangu ni Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani. Sisi watoto wa mjini tumebakiwa na maneno ya utani tu, ya kuchekeshana harusini. Mzizi wake ni mzito zaidi. Mtani ana haki ya kukuambia asichoweza kukuambia mwanao, na ana wajibu wa kukuhudumia pale ambapo jamaa zako wanafungwa na heshima. Asubuhi moja baba aligoma kutoka kitandani. Mimi na dada yangu tulibembeleza mpaka tukakata tamaa. Rafiki yangu akasimama mlangoni: "Mnyamwezi gani wewe? Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, wewe hatua kumi mpaka kwenye gari zinakushinda!" Baba akafumbua macho. "Walibeba," akasema, "na nyie Wazaramo mkawauzia maji njiani." Akanyoosha mkono ainuliwe.

Lakini siku niliyouelewa utani ni siku ambayo sikuwepo. Nilisimuliwa na mke wangu. Baba alirudi kutoka kwenye mashine amelegea, tumbo likamharibikia sebuleni kabla hajafika chooni. Mke wangu ni mkwe. Hakuweza kumkaribia, na mzee alikuwa amejifunika uso kwa mkono. Rafiki yangu akafunga mlango, akaomba maji ya vuguvugu na kanga kuukuu. Kupitia mlangoni mke wangu alimsikia baba akisema, "Mwanangu, hii si kazi yako." Akajibiwa, "Mtani ndiye anayezika, Baba. Kuogesha ni kitu gani?" Pakawa kimya. Halafu, anasema mke wangu, alisikia wazee wawili wakicheka, ingawa mle ndani mzee alikuwa mmoja.

Wapo na wengine walioshika siku zao. Mwalimu mmoja niliyesoma naye sekondari hakuwahi kufika hospitali hata mara moja. Yeye alichukua wanangu kila Jumamosi, akawafundisha hesabu, akawarudisha wameshiba. Mwingine yuko Mwanza. Alikuwa ananipigia kila Jumanne saa mbili usiku, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Wewe umekula?" Mtu anayeuguza huulizwa habari za mgonjwa mpaka anasahau kuwa na yeye ana tumbo. Na wapo marafiki wa karibu sana waliopotea kabisa miezi ile. Mmoja nilikutana naye benki akababaika, akaanza kueleza habari za kazi na safari. Nilimshika mkono nikamwambia yaishe. Namjua mtu yule kuliko anavyojijua. Nilipita mbele ya lile geti wiki sita.

Mwezi wa saba baba alimwambia mtani wake kwamba amechoka, anataka mashine iishie hapo. Rafiki yangu hakumkatalia, wala hakuja kuninong'oneza. Alimwambia, "Hilo mwambie mwanao mwenyewe, Baba. Mimi nitakaa hapo pembeni." Wakanisubiri mpaka nikarudi kutoka kazini. Yalikuwa mazungumzo magumu kuliko yote niliyowahi kuwa nayo na baba yangu, na ndiyo ya kwanza ambayo hatukudanganyana. Tulikwenda wote kwa daktari, wakampunguzia dawa moja iliyokuwa inamtesa usiku, na baba akasema ataendelea, atatuambia siku akitaka kusimama. Mpaka leo anaendelea.

Alhamisi moja mwezi uliopita nilikuwa likizo, nikaenda nao. Tukamwacha baba ndani, tukakaa kwenye benchi la nje, chini ya mwarobaini, tukiwa na saa nne mbele yetu. Rafiki yangu alikuwa anaikaza ile chupa yake ya barafu kifuniko. Miaka yote hii nilikuwa sijawahi kumuuliza. Nikamuuliza, "Mzee wako, siku zile za Ocean Road, alikuwa anataka nini?"

Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani nimekosea.

"Maji," akasema. "Hakuweza kumeza, lakini alitaka maji. Kila jioni nilikuwa natembea mpaka Feri. Kulikuwa na mama mmoja anauza juisi, ana friza. Ananipa barafu, naifunga kwenye kitambaa, narudi mbio kabla haijaisha. Namwekea mdomoni. Anafumba macho." Akaonyesha kwa mkono, upana wa kitambaa, namna ya kukikunja pembe. "Ikifika nusu imeshayeyuka, basi siku hiyo anapata nusu."

Nilisema, "Nilikuwa napita pale kila siku."

"Najua," akasema. "Nilikuwa naiona gari yako."

Sikuwa na la kusema na yeye hakudai niseme. Akaendelea. Aliniambia jinsi mzee alivyokuwa anaandika maneno kwenye boksi la dawa sauti ilipokwisha, na kwamba boksi moja bado analo dukani, kwenye droo ya risiti. Aliniambia kilichoandikwa. Aliniambia habari za usiku wa mwisho, ambazo mimi, katibu wa kamati, sikuwa nimezisikia. Nilisikiliza mpaka kivuli cha mwarobaini kikatuhama na jua likatufikia miguuni.

Muuguzi akafungua mlango. "Ndugu wa mzee wa kitanda namba saba!"

Tukasimama wote wawili.