NASIHA SI MATUKANO

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, siku moja baada ya sala ya alasiri alinijia kijana niliyemsomesha juzuu yake ya kwanza, akaniuliza masala ambayo baba zetu hawakuulizwa. Akasema: "Maalim, nalinunua mchezo wa video, nikaukuta una kasoro. Nikawaandikia walioutengeneza matusi mazito mbele ya watu. Wapenzi wenzangu wa mchezo huo wakaniita haini. Nani katika sisi mwenye haki?" Nalimwomba muhula, nikawauliza wajuao mambo hayo. Nami nimeona jawabu yake yatufaa sote, hata asiyecheza, kwani leo kila mtu ana simu mkononi, na ulimi wake u katika vidole.

Khabari niliyoelezwa kwa mfano ni hii. Huko Uingereza, katika mji wa Guildford, iko kampuni ndogo iitwayo Hello Games, na mkuu wake ni Sean Murray. Waliunadi mchezo uitwao No Man's Sky, ambao mchezaji husafiri humo baina ya nyota nyingi mno. Ulikuwa utoke Juni 2016, wakauakhirisha hata Agosti. Kwa kuakhirishwa huko tu, mkuu yule alitumiwa vitisho vya kuuawa. Na mwandishi wa magazeti aliyetoa khabari hiyo naye akatishwa vivyo hivyo. Mchezo ulipotoka, wanunuzi wakaona mengi waliyoyatazamia hayamo, khasa kuonana na kucheza pamoja na wenzao. Hapo wapenzi wakawa mafungu mawili: fungu la kutukana, na fungu la kutetea kila kitu, hata kasoro iliyo dhahiri.

Nasema: mafungu yote mawili yamekosa.

Ama mnunuzi kudai haki yake, sharia haikumzuia. Fiqhi yetu ya Kishafii yampa aliyeuziwa kitu chenye aibu khiari ya kukirudisha, na muuzaji aijuaye aibu hiyo yampasa kuibainisha. Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikapata umajimaji. Akamwuliza mwenye mali, naye akasema ni mvua. Mtume akamwuliza mbona hakuiweka juu ile iliyolowa, watu wapate kuiona. Kisha akakemea ghushi kwa maneno makali. Tizameni: alitia mkono kwanza, hakuhukumu kwa uvumi, aliuliza, akasikiliza, akaonyesha njia ya kutengeneza. Ukali wake ulikuwa juu ya ghushi. Hakumtukania mtu yule wazazi, wala hakumtishia damu yake.

Na Imamu Nawawi katika Riyadhus Salihin amehesabu mambo sita ambayo kwa ajili yake yafaa kutaja aibu ya mtu. Na katika hayo ni mwenye kudhulumiwa kushitaki, na kuwatahadharisha watu na madhara. Basi mwenye kusema, "Mchezo huu hauna jambo fulani lililonadiwa, ngojeni kwanza," hana dhambi, bali huenda akapata thawabu. Lakini ruhusa haipiti haja. Aliyepoteza fedha, haki yake ni fedha zake. Hakuinunua kwa fedha hizo heshima ya mtu wala roho yake. Wala asidhani kuwa aliye mbali, asiye wa dini yetu, hana haki. Dua ya mwenye kudhulumiwa haina pazia.

Ama fungu la pili, wao wameuita ushabiki kuwa ni uaminifu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha tumnusuru ndugu yetu akidhulumiwa, na akidhulumu pia, na alipoulizwa atanusuriwaje mwenye kudhulumu, akafahamisha kuwa ni kumzuia. Rafiki wa fundi wa jahazi ni yule amwambiaye, "Bwana fundi, ubao huu wavuja," chombo kingali pwani. Ausifuye ubao mbovu amewapeleka mabaharia kilindini, na fundi hakumfaa kitu.

Na mwisho wa khabari ya Guildford una mazingatio. Wanunuzi wengine walipeleka mashitaka kwa baraza la Uingereza liangaliao matangazo ya biashara. Baraza likachunguza, na Novemba 2016 likaamua kuwa kanuni zake hazikuvunjwa. Hukumu haikuwa upande wao, lakini njia yao ilikuwa njia ya watu wenye adabu. Mafundi nao walinyamaza wakafanya kazi. Mwezi ule ule wakatoa marekebisho makubwa ya kwanza, na Julai 2018 wakaleta yaliyowawezesha wachezaji kuonana na kucheza pamoja, bila kumdai zaidi aliyekwisha kununua. Mwaka 2019 wapenzi wakachanga fedha, wakaweka bango la shukrani katika mji wao. Basi pimeni: kitisho hakimwambii fundi ni ubao upi uvujao. Aliyesema, "Siwaoni wenzangu humo," ndiye aliyemwambia.

Nasi watu wazima tusiwacheke vijana. Mara ngapi tumetukanana barazani kwa ajili ya timu za mpira, au kwa kumpenda sheikh huyu na kumchukia yule?

Jawabu niliyompa kijana ni hii: kwa kueleza kasoro, huna lawama. Kwa matusi, yakupasa kutubu. Na haki ya mwanadamu haifutiki kwa istighfari peke yake. Yafute uliyoyaandika, kisha uombe radhi pale pale ulipotukana, mbele ya wale wale waliosoma. Akainamisha kichwa, akasema, "Maalim, tulikuwa maelfu. Hawatajua hata mimi ni nani." Nikamwambia, "Mola wako akujua, na malaika walikwisha andika. Mkono ulioandika tusi, uandike na radhi ungali una uhai."

Twamwomba Mwenyezi Mungu atulinde na shari ya ndimi zetu na vidole vyetu, na atujaalie wenye kunasihi kwa haki. Amin.