Kazi ya Kijana: Ni Aibu au ni Haki?

Watu wa miji yetu hukhitilafiana juu ya kijana wa miaka 15 au 16 kufanya kazi. Mmoja husema kazi itamharibia masomo. Wa pili husema ni bora atafute chake kuliko kushinda barazani. Sisi twaona kila mmoja ameshika upande wa haki, na lililobaki ni kupambanua kazi na kazi.

Natutazame kwa wenzetu. Uswisi, katika kila vijana watatu wanaomaliza masomo ya lazima, kiasi cha wawili huingia mafunzo ya ufundi: siku moja au mbili za wiki huwa chuoni, zilizobaki huwa kazini, na ujira hulipwa. Marekani, kwa kanuni za sheria ya kazi ya mwaka 1938, kijana wa miaka 14 au 15 hazidishi saa 3 kwa siku ya skuli katika kazi zisizo za shamba. Na hapa Kenya, sheria ya mwaka 2007 yamruhusu mtoto wa miaka 13 mpaka 16 kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuilia masomo.

Basi kwa maandishi hatukupitwa sana. Tofauti i katika haja. Kijana wa nchi tajiri akiacha kazi, mara nyingi hupungukiwa na fedha za matumizi yake. Wa nchi masikini akiacha, jiko la kwao haliwaki. Mwenye njaa hawezi kukataa, na ridhaa ya asiyeweza kukataa si ridhaa kamili. Kwa hivyo dhamana humwelemea tajiri anayemwajiri.

Anas bin Malik aliingia katika utumishi wa Mtume (S.A.W.) naye ni mtoto wa miaka 10. Akamtumikia miaka 10, asiambiwe hata "uff". Hiyo ndiyo mizani yetu.

Huenda mtu akasema: "Sisi ni masikini, hayo tutayaweza wapi?" Twamjibu: kufundisha kazi hakuhitaji hazina, wala kulipa ujira kabla ya jasho kukauka, wala kumwachia kijana saa zake za kusoma. Imamu Ghazali amezihesabu kazi za mikono, kama ukulima na ushoni, kuwa ni faradhi ya kifaya. Zikiachwa na wote, wote wana dhambi. Na Mombasa hatukuanza leo: Chuo cha Elimu ya Kiislamu kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951 kuwafunza ufundi vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Ndugu zetu wenye maduka, karakana na vyombo: kila mmoja na achukue kijana mmoja, kwa mapatano yanayojulikana na wazazi wake, amfunze kazi yote na asimfiche siri ya ufundi. Kumpa kijana kazi isiyo na mafunzo ni kuukodi umri wake kwa bei rahisi.

Wabillahi taufiki.