Kumjua Yesu na Kumfuata

Vijana wetu wa kipaimara hapa Tabora huyajibu maswali ya katekisimu pasipo kukosa. Je, wamjua Yesu? Hatuthubutu kusema ndiyo upesi.

Zamani njia ya misafara ilipita hapa, kutoka Bagamoyo hata Ujiji. Kijana wa Kinyamwezi aliweza kuvitaja vituo vyake kwa kuwasikia wazee tu. Lakini njia aliijua siku alipojitwika mzigo, akaona maji yalipo, na jinsi mwenzi aliyechoka anavyosaidiwa. Yesu naye hujulikana njiani, kijana amsamehepo aliyemtukana.

Lakini watumwa nao walipita njia ile ile, minyororo shingoni. Walifuata, na wengine walifika pwani. Nani atasema walimpenda aliyewatangulia? Hapo sisi wazazi na walimu twaona hofu, maana kijana asukumwaye kanisani kwa fimbo huonekana kuwa amefuata. Adabu ni njema, wala hatusemi iachwe. Ila mtoto mdogo huletwa, kijana sharti aitwe.

Adrian Atiman alizijua hali zote mbili. Aliuzwa utumwani angali mtoto. Mapadre Weupe wakamkomboa huko Algeria, akasomea uganga wa kizungu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa mtu huru, akatibu wagonjwa na kufundisha dini hata alipofariki mwaka 1956.

Vijana wakituuliza kwa nini alikaa miaka yote ile, tusiwajibie. Tuwaachie swali waende nalo nyumbani.